Mshauri Aliyeombwa Kulamba

Aisifuye asali ailambe kwanza.

Shangazi Milembe alilisema neno hilo bila kuinua macho kutoka kwenye nta aliyokuwa akiichuja. Shija na dada yake Limi, waliokuwa wameketi naye jikoni, wakatazamana. Shija alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumsifu bwana mmoja wa mjini anayewashauri vijana mahali pa kuweka akiba zao. Alimsifu kwa muda mrefu hata chai yake ikapoa kikombeni.

"Shangazi, msemo huo naukuta kila mahali," Limi akasema. "Sokoni upo, harusini upo. Hata chuoni kwetu mwalimu mmoja aliutumia. Umetoka wapi?"

"Umetoka uani kwa babu yenu Mihayo."

"Kwetu?" Shija akauliza. "Mbona nyumbani hatujawahi kusimuliwa?"

"Mngesimuliwa na nani? Kula kwanza hicho kiazi. Neno hili halikuota lenyewe kama uyoga. Lina mama aliyelizaa, nami nilikuwepo lilipozaliwa."

Akaweka sufuria chini, akajifuta mikono, akaanza.

Mama yangu aliitwa Kalunde. Baba alikuwa fundi wa reli, na babu yenu Mihayo alikuwa kaka yake mkubwa. Baba alipofariki alituachia vitu viwili. Cha kwanza ni mizinga yake ya nyuki iliyoning'inia msituni. Hiyo kwa desturi ilikuwa mali ya ukoo, ila mjane aliruhusiwa kula asali yake maadamu anaishi vizuri na shemeji zake. Cha pili ni mafao ya kazi yake, na hayo yaliandikwa jina la mama.

Mama alikuwa na nia moja tu kuhusu mafao yale. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, na masomo yalikuwa ya miaka mitatu. Alitaka fedha ile ikae mahali salama, inisomeshe mpaka nimalize, na kikibaki kitu kimsitiri uzeeni. Basi. Hakutaka gari wala duka.

Wala msidhani alidharau ushauri. Alikuwa akisema fedha inayokuja kwa mkupuo ni kama kundi la nyuki lililotua kwenye tawi: usipolitafutia mzinga mapema litaruka, nawe utabaki kulinyooshea kidole. Alijua kulima, alijua asali, alijua watu. Mahali pa kuweka fedha hakupajua, na alilisema hilo waziwazi. Kwa hiyo Baba mkubwa Mihayo alipokuja kumwambia amempata mshauri, mama alifurahi.

Mshauri huyo aliitwa Bwana Luziga. Sitawadanganya kwamba alikuwa na sura ya mwizi. Alikuwa mtu wa kupendeza. Alizungumza polepole, alikumbuka majina ya watoto wa kila mtu, na alikunywa maji ya kisima chetu bila kuyachungulia kwanza. Ushauri wake ulikuwa mmoja kwa wote: nunueni sehemu katika shamba la mitiki lililoko mbali, kusini huko. "Mtiki hauhitaji kulishwa wala kuchungwa," alikuwa akisema. "Wewe umelala, wenyewe unanenepa."

Sasa shikeni mambo mawili ya Ilanzuki, kijiji chetu, maana bila hayo hamtaelewa kilichotokea.

La kwanza, kwetu muuza asali hulamba kwanza. Mwaka wa ukame nyuki hukimbilia maua ya minyaa, na asali ya minyaa huwasha koo hata mtu mzima akatoa machozi. Nayo kwa macho inang'aa kuliko asali njema. Ndiyo sababu mwenye kuuza huchovya kijiti mbele ya mnunuzi, akalamba, akameza, kisha wakakaa kidogo wakiulizana habari za nyumbani. Koo likitulia ndipo biashara huanza. Hakuna aliyeona ni tusi kuombwa alambe. Tusi lilikuwa kukataa.

La pili ni imani yetu juu ya nyuki wenyewe. Wazee walishika kwamba nyuki humjua mwizi. Mgeni akitaka kukabidhiwa mali ya watu, alipelekwa msituni siku ya kurina asali. Akiumwa, alirudishwa kwao kwa heshima. Asipoumwa, aliaminiwa. Ndivyo tulivyomchagua mweka hazina wa soko, ndivyo tulivyompata mtunza ghala la tumbaku, na wote wawili, kwa bahati, walikuwa watu wema. Bahati ikirudia mara mbili watu huiita sheria.

Basi Bwana Luziga akapelekwa kwa nyuki.

Akaenda bila woga, nalo likawafurahisha wazee. Wakamsimamisha karibu na mti wakati mizinga inateremshwa. Nyuki wakavuma, wakazunguka, wakaingia hata kwenye masikio ya punda. Bwana Luziga hakuguswa.

"Nyuki wamesema," Baba mkubwa Mihayo akatangaza.

Mama alikuwa nyuma yao amebeba ndoo, na nyuki mmoja alikuwa amemuuma juu ya jicho. Jicho lilikwisha kufumba.

"Wamesema nini, shemeji?"

"Wamesema mgeni wetu ni mtu safi."

"Na mimi waliyeniuma?"

Wanaume wakacheka. "Wewe umewachokoza na ndoo yako, Mama Milembe."

"Ndoo hii nimeibeba tangu nilipoolewa, na sijawahi kuficha hata sega moja. Wameniuma. Huyu bwana tangu tufike amesimama upande unaokwenda moshi wa kuwalevya nyuki, hata mimi kwa jicho langu lililobaki namwona kwa shida. Kama hii ni mahakama, shemeji, hakimu amelewa."

Jirani yetu Bibi Nshoma, mwanamke mzee ambaye hakuwa na meno lakini alikuwa na ulimi, akacheka mpaka akaweka mzigo chini. Baba mkubwa hakucheka. Alimwambia mama kwamba Jumapili watu watakutana uani kwake, mgeni ataleta karatasi, na mama ataweka saini mbele ya ukoo. Hakuuliza kama anakubali.

Usiku ule mama alikaa akilikanda jicho lake. Aliniuliza tu, "Milembe, muuza asali akija hapa, tukamwita nyuki amshuhudie, tukaacha kumwambia alambe, tutakuwa watu gani?"

Nikamwambia tutakuwa wajinga.

"Na fedha je?"

Hakuna mtu Ilanzuki aliyekuwa amejiuliza hilo. Sisi ambao hatukununua kikombe cha asali isiyolambwa tulikuwa tayari kununua msitu mzima ambao hatujauona.

Jumapili ua ukajaa. Bwana Luziga alikuwa amepanga karatasi zake mezani na kuzikandamiza kwa jiwe ili upepo usizichukue. Mama akaja amevaa kitenge chake kizuri, mkononi ana bakuli lililofunikwa kitambaa. Watu walidhani ni zawadi ya mgeni. Baba mkubwa hata akatabasamu, maana alikuwa ameogopa asije.

Mama akafunua bakuli. Ilikuwa asali. Akachovya kijiti, akalamba mbele ya watu wote, akameza. Akamuuliza Bibi Nshoma habari za mguu wake, Bibi Nshoma akamjibu kwa urefu, sote tukangoja. Kisha mama akamsogezea mgeni bakuli.

"Karibu, Bwana Luziga. Hii ni yangu, na umeniona nimeilamba."

Mgeni akalamba. "Tamu sana, Mama."

"Ahsante. Sasa lete yako."

"Yangu?"

"Hiyo unayoisifu. Mitiki. Tangu ufike kijijini hujasifu kitu kingine. Nataka nikuone ukilamba, kisha tuketi kidogo, tuulizane habari za nyumbani."

Baadhi ya watu wakacheka kwa pua. Bwana Luziga naye akacheka; alikuwa mtu wa kujua kucheka. "Mama Milembe, mimi siuzi kitu. Mimi ni mshauri."

"Basi nishauri kwa mdomo uliolamba. Sehemu yako katika shamba hilo iko upande gani?"

"Mama, daktari akikuandikia dawa, humwambii aimeze yeye kwanza. Yeye haumwi."

Watu wakaguna kwa kukubali, na kweli lilikuwa jibu zuri. Nilimwangalia mama nikadhani yamekwisha. Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikitafuta.

"Umesema vizuri, tena umenisaidia. Daktari wa hapa analipwa, niimeze dawa nisiimeze. Wewe umekuja kwetu mara nyingi. Hujaniomba hata nauli. Nani anakulipa?"

Bwana Luziga akasogeza jiwe lake juu ya karatasi. "Wenye shamba huwa wanatoa shukrani ndogo."

"Kwa kila mjane?"

"Kwa kila mteja."

"Na mteja akikataa?"

Akamtazama Baba mkubwa, kisha akatazama meza. "Akikataa, hakuna shukrani."

"Basi ulikuja kwangu ukiwa na njaa ya ndiyo yangu," mama akasema. "Mtu mwenye njaa simlaumu. Lakini simpi chungu akakitunza."

Baba mkubwa akainuka. "Inatosha. Shemeji, mgeni huyu nimemleta mimi. Nyuki wamempitisha. Ukimkataa, umenikataa mimi."

"Sijakukataa, shemeji. Tena nakuuliza na wewe kwa heshima yote. Una ng'ombe, una tumbaku, una mabati juu ya nyumba. Wewe umelamba?"

Hapo ndipo babu yenu alipokosea, kwa sababu alijibu bila kufikiri. Akasema, "Nilitaka kwanza tuone yako inakwendaje."

Vichwa vyote vikamgeukia. Kuku walisikika.

Bibi Nshoma ndiye aliyesema, tena hakupaza sauti. "Kumbe tulitaka kumfanya mjane kijiti cha kuonjea."

Kama mngemwona Baba mkubwa uso ulivyobadilika, mngejua kwa nini nyumbani kwenu hadithi hii haisimuliwi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeaibishwa mbele ya watu wake, na mtu wa namna hiyo hushika fimbo iliyo karibu. Akasema, "Sikiliza, mke wa ndugu yangu. Usipotia saini leo, mizinga ya marehemu inarudi kwenye ukoo. Tuone utakula nini wewe na huyo muuguzi wako."

Mizinga ile ndiyo iliyokuwa chumvi yetu, sabuni yetu na mafuta yetu ya taa. Kila aliyekuwepo alilijua hilo. Nilimshika mama kitenge kwa nyuma. Nilitaka asaini. Nawaambia kweli, nilitaka asaini tukale.

Mama akafunika bakuli lake.

"Ichukueni," akasema. "Mizinga ni ya ukoo, na mimi desturi nazishika, hata zile zinazoniuma. Lakini mafao yana jina langu, na mwenye nayo ni binti huyu. Sitamlambisha mtoto kitu ambacho wakubwa wote hapa mmekiogopa. Na wewe, Bwana Luziga, nenda kwa amani, ila uendako uwaambie hivi: Ilanzuki kuna mwanamke aliyesema, aisifuye asali ailambe kwanza."

Akatoka. Nikamfuata. Nyuma yetu hakuna aliyetuita.

Kesho yake vijana wa ukoo walikwenda msituni wakaishusha mizinga ya baba. Mama alikaa mlangoni akawatazama wakipita nayo, akawajibu salamu mmoja mmoja. Mwaka ule tulikula viazi, na uji wetu haukuwa na kitu cha kuutamisha. Alilima mashamba ya watu kwa kibarua. Watoto walimwita Mama Bakuli, na wake wengine wa ukoo wakapunguza kuja kwetu. Kusema hapana ni kazi ya siku moja. Kuila hiyo hapana, siku baada ya siku, ndiyo kazi yenyewe.

Lakini fedha bado ilikuwa kwenye tawi, na tawi halikai na nyuki milele. Mama akaenda mjini kutafuta mshauri mwingine. Alikwenda na bakuli lake. Mmoja alimwambia maswali yake ni ya kishamba, akamwonyesha mlango. Mwingine alisema amelamba, lakini alipoulizwa amelambia wapi akawa na safari. Mama alirudi nyumbani miguu imevimba, akacheka, akasema, "Leo nimeokoa fedha mara mbili."

Mwishowe akampata mwanamke mmoja, Bi Holo, aliyefanya kazi katika chama cha akiba na mikopo. Mama akaweka bakuli mezani, akamweleza desturi yetu. Bi Holo hakucheka. Alichovya, akalamba, kisha akasema:

"Mama, akiba yangu mwenyewe iko humu chamani, na nitakuonyesha. Nyingine niliitia kwenye alizeti ya watu, sikuuliza vizuri, ikaniwasha koo. Hiyo sitakushauri. Na jambo moja zaidi: kazi hii utanilipa wewe mwenyewe, kidogo, leo, ukiukubali ushauri wangu au ukiukataa. Nikilipwa na mwingine nitaanza kutamani ukubali."

Mama akaniambia baadaye kwamba aliposikia neno alizeti ndipo moyo wake ulipotua. Wengine wote walikuwa wamemwonyesha utamu. Huyu peke yake alimwonyesha mahali palipomwasha.

Ushauri wenyewe haukuwa na maajabu. Ada yangu iwekwe mahali ambapo kila muhula inaweza kutolewa bila kumbembeleza mtu. Nyingine ikae chamani iongezeke polepole. Na sehemu ndogo mama anunue mizinga, iwe yake, isiwe ya ukoo wa mtu. Mama akaenda nyumbani akaufikiria usiku kucha, akarudi, akauliza tena yote aliyokwisha kuuliza, ndipo akakubali.

Mizinga ile mipya aliitundika mwenyewe. Kwetu mwanamke hakupanda mti wa mizinga. Alipanda. Bibi Nshoma alisimama chini akimshikia kamba na kuwatukana waliokuja kutazama.

Najua mnataka kuniuliza habari za mitiki. Kila ninapoisimulia hadithi hii watu hungoja niseme shamba lilikuwa la uongo, Bwana Luziga akafungwa, fulani akafilisika. Sina habari hiyo. Labda mitiki ilikuwepo, labda imekua, labda wapo walioivuna. Mama hakumwita yule bwana mwizi, siku ile wala baadaye. Alisema hahitaji kuthibitisha kuwa mtu ni mwizi ndipo awe na haki ya kumkatalia. Anayetaka kushika mali yangu, alisema, ndiye mwenye kuthibitisha. Mimi nina haki ya kukaa kimya na fedha yangu mkononi mpaka atakapomaliza.

Nilisoma, nikamaliza, na hii nyumba mnayokunywa chai ndani yake mnajua nimeijenga kwa kazi gani.

Na babu yenu? Miaka kadhaa ilipita. Siku moja alikuja mtu kijijini akisifu mbolea mpya ya tumbaku, anataka wakulima waichukue kwa mkopo. Mkutano ulikuwa mkubwa. Mama alikuwepo, ameketi na wanawake. Yule mtu alisifu, akasifu, mpaka mzee mmoja akainuka nyuma, akajiegemeza kwenye fimbo yake, akasema, "Bwana, hapa kwetu tuna neno. Aisifuye asali ailambe kwanza. Shamba lako liko wapi tukaione tumbaku yako?"

Alikuwa Mihayo. Hakumtazama mama. Hakusema neno hilo amelipata wapi. Alilisema kama kitu alichorithi kwa baba yake. Wanawake wakamgusa mama kwa viwiko, wakitaka aseme kitu. Mama akasema, "Mwacheni. Neno likishakuwa la kweli halina mwenyewe." Jioni ile kulikuwa na mizinga mlangoni kwetu. Ilikuwa ile ya baba. Aliyeileta hakubisha hodi.

Shangazi Milembe akamaliza, akairudisha sufuria ya nta motoni. Limi alikuwa anatabasamu. Shija alikuwa anaitazama simu yake.

"Mpigie huyo bwana wako," shangazi akasema. "Usimtukane. Mwamkie vizuri, kisha umuulize mambo mawili tu: yeye mwenyewe ameweka wapi, na nani anamlipa."

Shija akatoka nje kupiga simu. Walimsikia akiamkia, wakamsikia akiuliza, kisha hawakusikia kitu kwa muda mrefu isipokuwa "ndiyo, kaka" na "naelewa, kaka." Aliporudi akakaa kwenye kigoda chake.

"Kasemaje?" Limi akauliza.

"Kasema nisiwe na wasiwasi. Kasema vijana wengi wamejiunga, na nafasi zinakwisha leo."

"Umemuuliza kama una wasiwasi?" shangazi akasema.

"Hapana."

"Umemuuliza nini?"

Shija akaiweka simu kifudifudi juu ya meza, akavuta kikombe chake cha chai iliyopoa. "Nimemuuliza kama amelamba," akasema. "Hajalamba, shangazi."

"Basi fedha yako iko wapi?"

"Mkononi kwangu."

"Ikae hapo mpaka apatikane wa kulamba," shangazi akasema, akachovya kijiti kwenye mtungi wa asali, akakilamba mwenyewe, akameza, na ndipo alipomsogezea Shija mtungi atie kwenye chai. "Aisifuye asali ailambe kwanza."